Barua ya Mwaka Mpya

Somo: Filemoni 1–25

 

Leo twataka kuzungumza juu ya barua. Si barua za serikali, wala zile za kudai karo ya shule, bali zile ambazo mtu huwaandikia jamaa na rafiki zake. Katika Agano Jipya tunayo moja ya namna hiyo. Paulo, akiwa mzee na mfungwa, alimwandikia rafiki yake Filemoni, akimsihi ampokee tena Onesimo, mtumwa wake. Ni barua ya sura moja tu, lakini kazi yake ni kubwa: kupatanisha.

Sasa sikieni habari za wazee wawili wa Marekani, John Adams na Thomas Jefferson. Mwaka 1776 walikuwa pamoja katika kamati iliyotengeneza Tangazo la Uhuru, nao walipendana sana. Baadaye siasa za vyama zikawatenga. Adams akawa Rais mwaka 1797, na katika uchaguzi wa mwaka 1800 Jefferson akamshinda. Siku ya kumwapisha mwenzake, tarehe 4 Machi 1801, Adams aliondoka mjini alfajiri, asihudhurie sherehe. Akarudi shambani kwake Quincy, na kukawa kimya kati yao karibu miaka kumi na mmoja.

Mwaka 1804 Jefferson alifiwa na binti yake. Abigail, mke wa Adams, aliyewahi kumtunza mtoto huyo kule London, hakuweza kujizuia. Akaandika barua ya pole. Lakini barua zilizofuata ziligeuka kuwa za kukumbushana makosa, zikakoma. Naam, si kila barua hupatanisha.

Alikuwako daktari mmoja, Benjamin Rush wa Philadelphia, rafiki wa wote wawili. Tangu mwaka 1809 aliwaandikia huyu na huyu, akiwasihi wapatane. Hatimaye, tarehe 1 Januari 1812, Adams alishika kalamu. Aliandika barua fupi ya heri, akasema kwa mzaha kwamba anatuma vipande viwili vya kazi iliyofumwa nyumbani. Kumbe vilikuwa vitabu viwili vilivyoandikwa na mwanawe! Barua ilitangulia, mzigo ukachelewa, na Jefferson akajibu kwa maelezo marefu juu ya ufumaji wa nguo kwao Virginia. Mzaha haukueleweka, lakini urafiki ulirudi.

Tangu siku hiyo waliandikiana barua 158, juu ya dini, vitabu, uzee na wajukuu. Adams aliandika zaidi ya mara mbili kuliko mwenzake, ambaye mkono wake wa kulia uliwahi kuvunjika na kuandika kukamwuma. Adams hakudai barua kwa barua. Abigail alipofariki mwaka 1818, Jefferson, naye mjane tangu 1782, alimwandikia maneno ya faraja.

Mwaka 1823 likaja jaribu. Barua za zamani, ambamo Adams alimsema Jefferson vibaya, zilichapishwa hadharani.  Lakini Jefferson alimwandikia kwamba mambo hayo hayataharibu urafiki wao. Barua hiyo ilisomwa kwa sauti mezani, jamaa wakiwa wanastaftahi. Fikirini furaha ya nyumba ile!

Wazee hawa walifariki siku moja, tarehe 4 Julai 1826, miaka 50 kamili baada ya Tangazo lao.

Hatuwaleti kwenu kama watakatifu. Jefferson, aliyeandika juu ya usawa wa wanadamu, alimiliki watumwa mamia maishani mwake, na barua zake nzuri haziondoi dhambi hiyo. Lakini katika jambo hili moja wanatufundisha.

Nasi tunaosema nanyi si wema kuliko wao. Tunaye ndugu mmoja tuliyesoma naye chuo cha theolojia, tukalala bweni moja. Tulikosana kwa maneno yaliyosemwa mkutanoni. Sasa twakutana mazishini, twapeana mkono, twaulizana habari za watoto, basi. Namba yake ya simu tunayo. Mara nyingi tumeanza kuandika, tukafuta, tukisema moyoni: yeye ndiye aliyekosa, na aanze yeye. Adams angaliweza kusema vivyo hivyo, maana ndiye aliyeshindwa. Lakini ndiye aliyeanza. Wiki hii sisi pia tutaandika, wala hatutafuta.

Na wewe, mpendwa, je? Labda ni ndugu yako mliyegombania shamba. Labda ni mwanao aliye Mombasa au Nairobi. Usianze na makosa ya zamani. Anza na salamu. Na kama wewe ni rafiki wa watu wawili waliokosana, uwe kama yule daktari, usichoke. Sisi sote tulipokuwa mbali na Mungu, Yeye ndiye aliyeanza.

Tuombe. Ee Bwana, uliyetutafuta tulipokuwa tumekimbia, utupe moyo wa kuanza sisi kwanza. Uibariki barua itakayoandikwa leo, na nyumba itakayoipokea. Kwa Yesu Kristo Bwana wetu. Amina.