Kunyosha Meno Ukiwa Mtu Mzima

Katika somo la leo tutasema habari za kunyosha meno kwa waya, ambazo vijana huziita bresi. Nasema hasa na wale waliokwisha toka utotoni: mtu wa miaka 20, au 25, au 30, ambaye sasa ana mshahara wake mwenyewe, naye anajiuliza kama wakati umekwisha kumpita. Haujampita. Lakini yampasa ajue ni kazi ya namna gani, maana wako waanzao kwa furaha wakaiacha katikati, na fedha zao zikapotea bure.

Kwanza tuulize: jino hutembeaje, nalo limekaa ndani ya mfupa? Wengi hudhani waya hulivuta kama fundi avutavyo msumari katika ubao. Sivyo. Jino halikugandamana na mfupa. Kati ya mzizi wake na mfupa wa taya kuna utando wa nyuzinyuzi, unene wake wapata sehemu moja ya tano ya milimita. Waya ikilisukuma jino, utando hubanwa upande mmoja, na hapo chembe hai za mwili huanza kuula mfupa. Upande wa pili utando huvutwa, na chembe nyingine hujenga mfupa mpya. Basi jino huhama pamoja na shimo lake. Mwili wenyewe ndio ufanyao kazi. Waya hutoa amri tu.

Ndiyo sababu haraka haifai. Jino huenda kiasi cha milimita moja kwa mwezi. Likisukumwa kwa nguvu nyingi, mishipa midogo ya damu katika utando ule huzibika, na jino hukwama pale pale. Tena ncha ya mzizi yaweza kuliwa. Kwa hiyo usimwambie daktari, "Kaza zaidi, nina harusi mwezi wa kumi na mbili." Kazi hii mara nyingi huchukua mwaka mmoja na nusu hadi miwili, na pengine zaidi.

Hapa natoa onyo. Kuna watu ambao, wakitaka kuziba mwanya, huyafunga meno mawili ya mbele kwa kipira. Mzizi wa jino umechongoka kama karoti. Kipira huteleza, kikaingia ndani ya ufizi, kisionekane tena, na huko mfupa ukaendelea kuharibika. Wako waliopoteza meno yote mawili kwa njia hiyo. Na kusema kweli, mwanya si ugonjwa. Pwani kwetu mwanya ni uzuri wa kusifiwa. Aupendaye na auache.

Lakini meno yaliyopandana hata mswaki usifike, au meno ya chini yanayochoma ufizi wa juu, hayo ni mambo ya kutibiwa. Sababu nyingine tunaijua sana Afrika ya Mashariki. Mtoto mchanga akiwa na homa au kuhara, watu humtazama ufizi, wakaona uvimbe mweupe, wakasema ana meno ya nailoni, au meno ya plastiki, wakayachimbua. Yale si nailoni wala si funza; ni chonge za utotoni zilizo changa. Na karibu nazo kuna chembe za chonge za ukubwani, ambazo huweza kuumizwa papo hapo. Miaka mingi baadaye kijana huona chonge lake limetoka upande, au lina kilema, au halikutoka kabisa, wala hajui sababu. Mtu kama huyu aweza kusaidiwa ukubwani, ingawa kazi yake ni ngumu zaidi.

Sasa, mtu mzima ana tofauti gani na mtoto? Taya lake limekwisha kukua. Kwa mtoto daktari aweza kuuongoza ukuaji wa taya. Kwa mtu mzima aweza kuyasogeza meno tu. Kama taya lenyewe limetokeza mno au limerudi nyuma mno, huenda ikahitajika operesheni. Tena mtu mzima huenda ana ugonjwa wa fizi asioujua. Fizi zikitoka damu kila upigapo mswaki, hizo zitibiwe kwanza. Kusogeza jino katika fizi gonjwa ni kuharakisha kulipoteza. Daktari anayetaka kukufunga waya siku ya kwanza, bila kupima fizi na bila kupiga picha ya eksirei, mwache uende kwa mwingine.

Zamani kila jino lilivishwa pete ya chuma. Mwaka 1955 Michael Buonocore, huko Marekani, alionyesha kwamba ganda la jino likipakwa asidi kwanza hushikana na gundi imara. Kutokana na hayo, siku hizi vibanio vidogo hugandishwa juu ya jino, na waya hupitishwa ndani yake. Ninyi mliokulia Arusha na Kilimanjaro, mkawa na meno ya rangi ya kahawia kwa sababu ya madini ya floridi yaliyo katika maji, jueni kwamba gundi yaweza isishike vizuri juu ya ganda kama hilo. Mwelezeni daktari mapema.

Maumivu huanza saa chache baada ya waya kukazwa, huzidi siku ya pili, na kwa kawaida huisha kabla ya wiki moja. Siku hizo kula uji, ndizi zilizopondwa, wali laini. Kibanio kikikwaruza shavu, kipake nta upewayo na daktari. Lakini muwa, mahindi ya kuchoma, kashata na mifupa, hivyo uviage mpaka kazi iishe, maana hubandua vibanio, na kila kibanduliwacho huongeza safari moja na nauli yake. Soda nayo ni adui. Ukoga ukikaa kando ya vibanio, madoa meupe yaweza kutokea katika muda wa mwezi mmoja tu, nayo hubaki baada ya waya kutolewa. Piga mswaki kila umalizapo kula, kwa dawa yenye floridi, hata wewe wa Arusha. Madhara yale ya maji yalitokea ulipokuwa mtoto.

Siku ya kutolewa waya ndiyo siku wanayokosea wengi. Meno yamenyoka, lakini mfupa mpya bado haujakomaa, na nyuzi za ufizi, ambazo huchukua hata mwaka kutulia, bado huyavuta yarudi yalikotoka. Hapana budi kuvaa kizuizi: ama chombo cha plastiki kinachovaliwa na kuvuliwa, ama uzi mwembamba wa chuma uliogandishwa nyuma ya meno. Madaktari wengi huagiza kivaliwe kila usiku kwa miaka mingi. Kwa hiyo unapouliza bei, uliza kama kizuizi kimo ndani yake. Kioshe kwa maji baridi, maana maji ya moto hukipinda, na wakati wa kula usikifunge katika karatasi ukakiweka mezani. Vingi hutupwa pamoja na makombo.