Wajawazito 33 wa Rufiji



Wahitimu wetu wa kidato cha nne, mimi ni mkunga, nitasema ya ukunga. Kliniki asubuhi wajawazito hukaa benchi moja, kanga mabegani, kadi mkononi, wote wazima. Kwa macho utadhani miili yao inafanya kazi sawasawa. Sivyo. Ndani ya ini la kila mmoja mna vimeng'enya vya kuvunjavunja dawa, na kila kimeng'enya huundwa kwa maelekezo ya jeni alizorithi kwa baba na mama. Maelekezo yakitofautiana kidogo tu, huyu huimaliza dawa upesi, yule polepole. Wala si ugonjwa.

Wenzenu wa darasa la baiolojia wanakijua kimeng'enya cha G6PD, kinachozilinda chembe nyekundu za damu. Jeni yake imo kwenye kromosomu X. Mama mwenye nakala moja dhaifu aweza kulima mpunga wake bondeni hadi uzeeni asijue lolote. Mwanawe wa kiume akiirithi nakala hiyo, siku akipewa dawa ya malaria iitwayo primakwini chembe zake za damu zaweza kupasuka.

Na mimba nayo ina mambo yake. Mwaka 2014 ulichapishwa utafiti uliofanywa hapa hapa Rufiji: wajawazito 33 na wanawake 22 wasio na mimba, wote wana malaria, wote wakapewa dawa mseto ileile yenye lumefantrini kwa siku tatu. Lumefantrini iliyofika kwenye damu ya wajawazito ilikuwa pungufu kwa asilimia 34 kuliko ya wasio na mimba. Fikirini hilo, wanangu. Vidonge vilevile, kwa saa zilezile, na mama mwenye mimba akapata pungufu! Ndiyo maana nasisitiza mmeze dawa mseto pamoja na chakula chenye mafuta; wali wa nazi unatosha, kwani mafuta huisaidia lumefantrini kuingia mwilini.

Wanawake wale walikubali kutolewa damu tena na tena. Mimi nawaita walimu wangu.

Wako humu wanaotamani kusomea maabara au famasi. Msiogope hesabu zake. Kliniki yetu hufunguliwa saa moja na nusu asubuhi; anayetaka kuona tunavyopima damu aje Jumatatu, nitamkalisha karibu na darubini.