Hotuba juu ya Kulinda Akili za Watoto Wadogo

Tumeombwa kusema nanyi juu ya jambo ambalo si geni kwenu, ingawa huenda jina lake ni geni, nalo ni afya ya akili na moyo wa mtoto ambaye bado hajatimiza miaka mitano.

Watu wengi wakisikia maneno haya hudhani twasema juu ya wazimu. Sivyo. Mtoto wa umri huo aweza kuwa hana homa, na uzito wake watosha, lakini hacheki akichekewa, hushtuka kwa kila sauti, hapati usingizi, wala hana raha ya kucheza. Hayo yapasa kutazamwa kama tunavyotazama tumbo lililovimba. Maana ubongo wa mtoto hukua upesi sana katika miaka ile ya kwanza, nao hukua kwa kusemeshwa, kushikwa na kuchezeshwa, si kwa uji peke yake.

Kwa habari ya malaria, hatungoji kila mtu augue ndipo tutafute daktari. Twafukia madimbwi na kutundika vyandarua katika kila nyumba, ya tajiri na ya maskini. Ndivyo ifaavyo kufanya kwa akili za watoto. Madaktari wa kazi hii ni wachache mno katika nchi zetu, wala hapana haja ya kuwangoja, kwa kuwa sehemu kubwa ya kazi yenyewe yaweza kufanywa na watu wa kijijini waliofundishwa vema.

Tutatoa mfano wa Jamaica, kisiwa ambacho wengi wa watu wake ni wa asili ya Afrika. Mwaka 1986 na 1987, katika mitaa ya maskini ya mji wa Kingston, daktari Sally Grantham-McGregor na wenzake walichagua watoto 129 waliodumaa, wa umri wa miezi 9 mpaka 24. Wakawagawa mafungu manne. Fungu moja walipewa maziwa ya unga kila juma; la pili walitembelewa nyumbani saa moja kila juma; la tatu walipata yote mawili; na la nne hawakupata lolote katika hayo. Waliokwenda kuwatembelea hawakuwa madaktari, bali wanawake wa kazi ya afya ya mitaani, nao walichukua vitu vya kuchezea vilivyotengenezwa kwa vitu vya nyumbani. Walicheza na mtoto mbele ya mama, kisha wakamwachia mama acheze naye mwenyewe siku zilizobaki. Kazi hiyo ilidumu miaka miwili tu.

Watoto hao walipofikia miaka 17 na 18 walitazamwa tena. Wale waliotembelewa walikuwa na hofu na huzuni kidogo kuliko wenzao, tena walijiona kuwa watu wa maana zaidi. Na katika habari zilizotangazwa mwaka 2014, walipokuwa wamekwisha kuwa watu wazima wa kazi, ilionekana kuwa mapato yao yamezidi ya wenzao kwa asilimia 25. Wale waliopewa maziwa peke yake, faida yao haikuendelea hivyo. Hatusemi maziwa hayafai; mwenye njaa na ashibishwe kwanza. Twasema tu kwamba akishiba, kazi haijaisha. Kweli watoto 129 si wengi, lakini ni mara chache sana watoto kufuatwa kwa muda mrefu hivyo, nasi twaona ushuhuda huo una uzito.

Tena moyo wa mtoto hutegemea moyo wa mamaye. Katika vijiji vya wilaya ya Rawalpindi, nchi ya Pakistan, wanawake wa kazi ya afya walifundishwa kuzungumza na mama wajawazito waliolemewa na huzuni, na kuendelea nao baada ya kujifungua. Habari zake zilitangazwa mwaka 2008. Miezi sita baada ya kuzaa, katika kila mama 100 waliozungumzwa nao hivyo, 23 walikuwa bado na ugonjwa huo wa huzuni. Kwa wale waliotembelewa bila mazungumzo hayo, walikuwa 53. Hata kuharisha kwa watoto kulipungua, na wazazi walicheza nao zaidi.

Wapo watakaosema, "Hayo ni mambo ya mama na jikoni, baraza halihusiki." Hatukubali. Baba anayempiga mkewe mbele ya mtoto wa miaka miwili hamdhuru mke peke yake, na baraza lina sauti ya kumkataza. Mwalimu naye aweza kuwaambia wazazi waache kumtisha mtoto kwa zimwi, au kwa sindano ya daktari, jambo ambalo twalisikia kila siku na kulicheka. Hata sheria za hospitali zaweza kubadilika. Uingereza zamani wazazi walizuiwa kukaa na watoto wao wodini. Mtoto alilia, kisha akanyamaza, na wauguzi wakadhani amezoea. Mwaka 1952 Bwana James Robertson alionyesha kwa filamu kwamba kunyamaza kule kulikuwa kukata tamaa, na mwaka 1959 kamati ya serikali ikashauri wazazi waruhusiwe kuingia.

Serikali ya Tanzania nayo ilizindua programu ya taifa ya malezi na makuzi ya watoto wadogo mwezi wa Desemba 2021. Lakini programu haitembei kwa miguu yake. Twaomba kila kijiji kichague wanawake wawili au watatu wa kufundishwa na mganga wa zahanati. Si lazima wawe wasomi wakubwa. Wawe watu wasiotangaza siri za nyumba za wenzao. Hata baba au babu mwenye subira atafaa. Vitu vya kuchezea havina gharama: kibuyu kidogo chenye kokoto ndani, vifuniko vya kupanga, kitambaa cha kufichia uso. Kibuyu kizibwe vizuri, na vifuniko visiwe vidogo, maana mtoto wa miezi tisa hutia kila kitu kinywani.