Pikapu ya Kikundi Inakula Mafuta Kiasi Gani?

(Mazungumzo na viongozi wa vikundi vya kujisaidia, Mashuuru)



Nimeombwa niseme juu ya mafuta ya gari, na nadhani najua sababu. Katika vikundi vyenye pikapu, hakuna kitu kinacholeta manung'uniko upesi kama mafuta. Mweka hazina anatoa pesa, gari linakwenda Kajiado na kurudi, tangi ni tupu, na watu wanaanza kumtazama dereva kwa jicho la pembeni. Anaitwa mwizi na hakuna mtu aliyepima chochote. Basi leo tujifunze kupima.

Tuanze na ile tabia ya kumwambia mhudumu wa kituo, "Nitilie ya elfu mbili." Bei ya mafuta hutangazwa upya na EPRA tarehe 14 ya kila mwezi. Kwa hiyo elfu mbili ya mwezi huu huenda isilete lita zile zile za mwezi jana. Daftari lenye shilingi peke yake halitawaambia kama gari limeharibika au bei imepanda. Andikeni lita. Dai risiti yenye lita, na kama haina, soma kwenye pampu uandike hapo hapo.

Kupima kwenyewe ni hivi. Jaza tangi mpaka bomba la pampu lijikate lenyewe, usiongeze. Andika namba ya kilomita iliyo kwenye dashibodi. Fanyeni kazi zenu za kawaida. Mafuta yakipungua, rudi kituo kile kile, pampu ile ile, ujaze tena mpaka ijikate. Lita zilizoingia mara hii ndizo gari lilizotumia. Kilomita mlizokwenda, gawanya kwa lita hizo. Ukitia mafuta katikati ya safari, hata kidogo, nayo yahesabiwe. Na jihadharini na mtungi: ule tunaouita wa lita 20, ukijazwa mpaka shingoni, mara nyingi hushika zaidi ya 20.

Kujaza mara moja hakutoshi. Tuchukue mfano. Mara ya kwanza kilomita 310 kwa lita 34. Mara ya pili 268 kwa lita 33.5. Mara ya tatu 402 kwa lita 38.5. Ukitazama kila moja peke yake unapata 9.1, halafu 8, halafu 10.4. Mtu mwenye haraka ataona ile ya pili na kusema, "Hapo ndipo alipoiba." Lakini pengine wiki ile mvua ilinyesha, na sisi tunaujua udongo mweusi wa Kitengela ukilowa. Jumlisha zote: kilomita 980, lita 106. Gari hili linakwenda kilomita 9.2 kwa lita. Hiyo ndiyo namba ya kushika.

Tena msipime safari ya upande mmoja. Kajiado iko juu, sisi tuko chini. Ukipima kutoka Kajiado kuja hapa utalisifu gari, ukipima kwenda utalilaani, na gari ni lile lile. Pima kwenda na kurudi.

Kuna jambo la matairi pia. Wengi wetu tumefunga matairi makubwa kwa sababu ya mawe. Tairi likiwa kubwa kuliko la kiwandani, dashibodi huhesabu kilomita pungufu, na gari huonekana linakula zaidi kuliko kweli. Vijana wenye simu za ramani wanaweza kulinganisha mara moja, iandikwe tofauti ni kiasi gani.

Sasa, wale wanaotafuta gari la kununua. Muuzaji atawaambia, "Hii inakwenda kilomita 15 kwa lita, imeandikwa Japani." Imeandikwa, ndiyo, lakini ilipimwaje? Ilipimwa ndani ya nyumba, magurudumu yakizunguka juu ya rola. Kipimo kilichoanza kutumika Japani mwaka 1991 hakikupita mwendo wa kilomita 70 kwa saa. Mchanga hakuna, mbuzi hakuna, madumu ya maji hakuna. Tena mwaka 2016 kampuni ya Mitsubishi yenyewe ilikiri kwamba namba za mafuta za baadhi ya magari yake madogo huko Japani zilikuwa zimepambwa. Nchi za Ulaya nazo zilianza kipimo kipya mwaka 2017, kwa kuwa kile cha zamani kilikuwa mbali na mambo ya barabarani.

Na hata namba ya kweli inaweza kuwadanganya kama mnasahau mzigo. Tuseme mna dramu 8 za maji, kila moja lita 200, za kupeleka kilomita 15. Dramu moja ni kilo 200. Pikapu ndogo inabeba 2 na inakwenda kilomita 12 kwa lita. Kubwa inabeba 4 na inakwenda 9. Nyote mngechagua ndogo. Lakini ndogo itakwenda mara 4, kilomita 120, lita 10. Kubwa itakwenda mara 2, kilomita 60, haifikishi hata lita 7. Kisha zidisheni kwa bei, maana petroli na dizeli hazina bei moja.

Turudi kwa dereva. Namba ikishuka mara tatu mfululizo, njia ile ile na mzigo ule ule, mpelekeni fundi gari kwanza. Atazame upepo wa matairi, breki zinazoshika, chujio la hewa lililojaa vumbi, na bomba linalovuja. Fundi asipoona kitu, mpeni dereva mwingine gari kwa kujaza mara tatu, na mtu wa kamati awepo kila mara kwenye pampu. Namba isipobadilika, huyo mliyekuwa mkimnong'ona aambiwe hivyo mbele ya mkutano, mbele ya wale wale waliomsema.