CHEO NI DHAMANA
Hotuba juu ya Kibri na Unyenyekevu Kazini

Sifa zote njema ni za Mwenyezi Mungu, na rehema na amani zimfikie Mtume Muhammad (S.A.W.), na jamaa zake na Masahaba zake.



Mtu apewapo cheo hutahiniwa mara mbili. Mtihani wa kwanza ni wa kazi yenyewe, nao watu huuona. Wa pili ni wa nafsi yake, nao hufichika mpaka siku cheo kile kiondokapo. Hapo ndipo ijulikanapo kama alikuwa akiitumikia kazi au akijitumikia mwenyewe.

Khalid bin Walid (R.A.) aliufikia mtihani huo katika mwaka wa 634, yaani 13 Hijria. Miaka mitano nyuma, huko Muta, makamanda watatu waliuawa mmoja baada ya mwingine, naye akaishika bendera na kuliokoa jeshi. Ndipo akaitwa Upanga wa Mwenyezi Mungu. Sasa alikuwa jemadari mkuu katika nchi ya Sham, na sifa zake zimeenea kila upande. Akafa Sayyidna Abubakar (R.A.), akatawala Sayyidna Umar (R.A.), na amri ikatoka: Khalid ashuke, Abu Ubaida apande.

Waandishi wa tarehe wamesimulia kwamba Abu Ubaida hakuitangaza barua ile upesi. Aliisitiri kwa muda, vita visiharibike wala mwenzake asivunjiwe heshima mbele ya askari. Huo ni unyenyekevu wa mwenye kupanda. Na Khalid alipopata habari hakuondoka na wafuasi wake, wala hakukunja mikono. Alipigana chini ya amri ya yule aliyekuwa chini yake jana, na katika vita vya Yarmuk, mwaka wa 636, ustadi wake ulikuwa nguzo ya ushindi. Huo ni unyenyekevu wa mwenye kushuka. Wala si udhalili, kwani hakupoteza ujuzi wake hata chembe. Alichokiacha ni jina tu.

Sababu mojawapo iliyosimuliwa ni kuwa Sayyidna Umar alichelea watu wasije wakadhani ushindi watoka kwa Khalid, wakamsahau Mola mwenye kuutoa.

Basi msimamizi wa ofisi, mwalimu mkuu, nyampara na tajiri wa duka, kila mmoja na ajipime. Karani mdogo akimwonyesha kosa katika hesabu, je, hulitazama kosa, au humtazama karani kwa jicho la hasira? Kazi ikifanikiwa, huwataja waliobeba mzigo? Na akiwekwa mwingine mahali pake, hukabidhi funguo na madaftari kwa moyo safi, au huwavuta watu wake pembeni? Madrasa ngapi zimefungwa, na vyama vingapi vimegawanyika, kwa sababu mtu mmoja hakukubali kuitwa mwanachama baada ya kuitwa mwenyekiti! Waliopata hasara ni watoto, ambao hawakugombea kiti chochote.

Kibri ni kuikataa kweli na kuwaona wenzako duni. Dawa yake ni kukumbuka kwamba cheo ni dhamana, na dhamana ina mwenyewe, naye ataidai.

Mwenyezi Mungu awajaalie viongozi wa umma huu kupanda bila ya kiburi na kushuka bila ya chuki. Amin.