KAZI YA GAZETI DOGO: TULIYOJIFUNZA SOGA

(Hotuba iliyosomwa mbele ya Mkutano wa Wanachama na watumishi wa jarida hili)



Mmetutaka tueleze ilikuwaje kumfanyia kazi mwenye gazeti dogo la jamii huko Bara, kabla hatujarejea Visiwani na kukabidhiwa mashine hii ya kudurufu. Tumekubali kwa furaha, kwani tuliyoyaona huko yanahusu khasa jambo ambalo mkutano huu utaliamua leo.

Soga si mji mkubwa. Ni kituo katika Reli ya Kati, ile ambayo Wajerumani walianza kuijenga kutoka Dar es Salaam mwaka 1905 wakaifikisha Morogoro mwaka 1907. Reli mpya iliyoanza kuchukua abiria mwaka 2024 nayo imepita hapo. Magazeti makubwa huandika khabari za treni. Khabari za watu wanaoiona treni ikipita huandikwa kwa nadra. Hiyo ndiyo sababu ya kuwapo gazeti tulilolitumikia, ambalo jina lake na la mwenyewe hatutayataja.

Tulikuwa watu watatu. Asubuhi tulikuwa waandishi, mchana wasahihishaji, na jioni watafuta matangazo. Siku ya kutoka gazeti tulilipakia mafungu kwa mafungu juu ya bodaboda, tukaligawa madukani, magengeni na kituoni. Mshahara ulikuja pale matangazo yalipolipwa. Yakichelewa, nasi tulikopa unga dukani.

Mwandishi wa gazeti kubwa akikosea, msomaji hajui pa kumpata. Sisi tulikosea jina la marehemu katika tanzia, na kabla ya adhuhuri mwanawe alikwisha kukaa barazani petu akitungoja. Hakututukana. Alitaka tu jina la baba yake liandikwe sawasawa. Tangu siku hiyo kila jina tulilisoma mara mbili kwa sauti kabla ya kulipeleka kwa mpiga chapa.

Sasa tuje kwenye jambo linalotutia haya kulisimulia. Bibi mmoja, mjane aliyekuwa akiuza mkaa, alituletea barua. Alilalamika kwamba mnunuzi wake ataka kila gunia lijazwe lumbesa, yaani lipande juu kupita mdomo wake na kushonewa kamba, lakini alipa bei ya gunia la kawaida. Tulikwenda kuhakikisha, tukayaona magunia kwa macho yetu. Bahati mbaya mnunuzi huyo ndiye aliyekuwa akilipia tangazo la ukurasa wa mwisho. Mwenye gazeti aliisoma barua, akaiweka chini ya daftari, akasema: "Mkitaka mshahara mwezi huu, hiyo ingoje." Naye tusimwonee, alikuwa akidaiwa na mpiga chapa. Lakini barua haikutoka tena, nasi tukanyamaza.

Gazeti lilipotoka, yule bibi alikuja akalinunua kwa fedha yake. Alilifunua ukurasa kwa ukurasa hadi mwisho, akalikunja, akatuwekea mezani, akaenda zake. Hakusema neno. Haukupita muda, watu wa upande wake wakaacha kulinunua gazeti letu, na mwenye tangazo, alipoona halisomwi, naye akaondoa tangazo lake.

Ndugu zetu, sisi wa vyama vya upinzani twajua vyema uchungu wa kuzibwa mdomo. Mwaka 1958 Serikali ya kikoloni ya Tanganyika ilimshitaki Mwalimu Nyerere kwa maneno yaliyotoka katika Sauti ya TANU, karatasi iliyodurufiwa kama hii yetu, naye akatozwa faini ya shilingi 3,000. Hapa Zanzibar, baada ya mwaka 1964 hatukuwa na gazeti la watu binafsi mpaka lilipotoka Dira mwishoni mwa mwaka 2002, likihaririwa na marehemu Ali Nabwa. Halikudumu, Serikali ililifunga mwezi wa Novemba mwaka 2003. Jambo hilo tumelilalamikia katika kila jukwaa, na tulikuwa na haki ya kulalamika.

Lakini leo juu ya meza yetu ipo barua ya wanachama wa tawi moja la chama chetu. Wanauliza michango yao ya mwaka jana imetumika vipi. Wamo miongoni mwetu wanaosema isitolewe, eti itawapa mahasimu wetu fimbo ya kutupigia. Twawaheshimu wenye rai hiyo, na twajua hawana nia mbaya. Hata hivyo, tukiificha barua hii, tutawajibu nini wale waliolifunga Dira? Wao pia walisema wanazuia fitina. Wahenga walisema: mkuki kwa nguruwe, kwa binadamu mchungu.

Na mahasimu hawataingoja barua hii ili watuseme. Wanachama wa tawi lile ndio wanaongoja. Wataifungua karatasi hii ukurasa kwa ukurasa, kama yule bibi wa Soga, na wasipoiona barua yao watatuwekea mezani pia kadi zetu za chama.

Kwa hivyo twaomba mkutano upitishe mambo matatu. Kwanza, barua yoyote ya mwanachama anayejulikana, isiyo na matusi na iliyohakikishwa, itolewe. Pili, anayelalamikiwa apewe nafasi ya kujibu katika toleo hilo hilo, ukurasa huo huo. Tatu, karatasi, wino na stensili zilipiwe kwa mchango mdogo wa kila tawi, wala asiachiwe mfadhili mmoja, awe kiongozi au tajiri, kubeba gharama zote. Maana mwenye kulipa peke yake ndiye atakayeamua barua gani ingoje chini ya daftari.

Barua ya tawi tumekwisha kuipiga chapa kwenye stensili, na nafasi ya jibu la Mweka Hazina tumeiacha wazi ubavuni mwake. Mashine i tayari. Twangoja amri yenu.

Wabillahi tawfiq.