Mchoro ni Kazi, na Kazi Ina Mwenyewe

Hotuba ya mfanyakazi wa shirika la hapa kwetu, mbele ya familia za wahami, komite zao na viongozi wa vijiji



Nimeombwa nizungumze juu ya vijana wanaochora, na namna mchoro unavyoweza kuwa kazi ya kumlisha mtu. Lakini kabla ya kufundisha lolote, inanipasa kuungama kosa langu.

Mwaka 2017 nilikuwa nimetoka chuo kikuu. Nilipata kazi katika shirika moja, jina silitaji, nikawa natembelea kambi za wahami pembeni ya Kalemie. Katika kambi moja kulikuwa na kijana wa miaka 16 aliyechora kwa makaa juu ya vipande vya kartoni. Siku moja alichora mama amebeba mtoto mgongoni na mlango wa nyumba kichwani. Ndiyo, mlango. Ndicho kitu alichookoa mama yake walipokimbia. Nilimwomba picha ile, akanipa kwa mikono miwili. Mimi nikampa biskuti na kalamu mbili. Miezi michache baadaye picha ilikuwa kwenye afishi, ofisini na kwenye ukuta wa kituo cha afya. Jina la shirika lilikuwa chini kwa herufi kubwa. Jina la kijana halikuwapo.

Mama yake aliiona siku alipopeleka mtoto kupimwa. Tulipokutana hakunigombeza. Aliniuliza tu: "Mwanangu, yule mama wa kwenye karatasi ni mimi. Mbona mtoto wangu hakuandikwa?" Sikuwa na jibu. Nilimpelekea kijana feza kutoka mfuko wangu, akapokea. Lakini afishi zilikuwa zimekwisha kusambazwa, na jina lake halikuandikwa hata moja.

Wapendwa, kosa langu lilitoka kwenye wazo ambalo wengi wetu tunalo: kwamba kuchora ni mchezo. Seremala tunamlipa, fundi cherehani tunamlipa, mwenye kuchora tunamwambia "umefanya vizuri." Leo nataka tuliache wazo hilo. Nina mambo matatu.

La kwanza: kuchora ni ufundi wenye ngazi zake. Wengi wenu mmesikia jina la Chéri Samba. Alizaliwa mwaka 1956 huko Bas-Congo. Mwaka 1972, akiwa bado kijana, alikwenda Kinshasa akafanya kazi kwa mafundi wa kuandika vibao vya maduka. Mwaka 1975 akafungua karakana yake mwenyewe. Alichora pia picha za hadithi katika gazeti la vijana, Bilenge Info. Baadaye akaanza kuandika maneno ndani ya picha zake, ili mpita njia asimame asome. Mwaka 1989 picha zake zilionyeshwa Paris. Angalieni ngazi hizo: kibao cha duka, karakana, gazeti, ndipo maonyesho. Kijana wa hapa naye aanzie alipo: kibao cha kinyozi, jina la shule ukutani, picha za kufundishia kunawa mikono. Kila kazi iliyokwisha, aweke nakala moja katika bahasha safi. Bahasha ile ndiyo diploma yake atakapokwenda kuomba kazi.

La pili: kuna ufundi unaomfaa mtu asiye na makao ya kudumu, nao ni kuchapa kwa mkono. Unachukua kipande cha mpira laini au ubao, unachora juu yake, halafu unachonga na kuondoa sehemu zote zitakazobaki nyeupe. Unapaka wino kwenye sehemu zilizoinuka, unalaza karatasi, unasugua kwa mgongo wa kijiko, unainua. Mashine si lazima. Kisu cha kuchongea kinaweza kutengenezwa kwa ubavu wa mwavuli ulionolewa kwenye jiwe na kutiwa mpini. Sharti moja: mkono ulioshika ubao ukae nyuma ya kisu siku zote.

Faida yake ni hii. Picha ya rangi ukiiuza, imekwenda. Ubao mmoja unaweza kutoa karatasi 20 au zaidi, na mtu akilazimika kuhama tena, ubao unaingia katika mfuko wake. John Muafangejo alizaliwa Angola mwaka 1943, akavuka mpaka akimfuata mama yake hadi misheni ya Waanglikana kaskazini mwa Namibia. Alijifunza kuchonga na kuchapa huko Rorke's Drift, Afrika Kusini, mwishoni mwa miaka ya 1960. Kwa wino mweusi na karatasi nyeupe alisimulia habari za watu wake, na maneno akiyachonga ndani ya picha, hadi alipofariki Windhoek mwaka 1987. Leo kazi zake zinatunzwa katika majumba ya makumbusho.

Kuchonga maneno kuna mtego wake. Vijana wetu walipoanza mazoezi walichonga neno AMANI. Walipoinua karatasi, lilisomeka kinyume: INAMA, na ile N imegeuka. Watu walicheka sana. Mzee mmoja hakucheka. Alisema: "Ndivyo tulivyozoea. Tunaahidiwa amani, ikifika tunaambiwa tuiname." Siku hiyo vijana walijifunza kuchonga herufi kinyume ili zisomeke sawa, na mimi nilijifunza zaidi ya hapo.

La tatu: bei na jina. Tufanye hesabu ya mfano. Kijana anachapa karatasi 20. Karatasi franka 10.000, wino 8.000, mpira 4.000, usafiri 3.000. Jumla 25.000. Amefanya kazi siku nne. Tukihesabu franka 10.000 kwa siku, ni 40.000. Zote pamoja 65.000. Gawanya kwa 20: kila karatasi imemgharimu franka 3.250. Akiiuza 2.000 kwa sababu mnunuzi ameguna, amejikata mwenyewe. Akiiuza 5.000, anabaki na kitu cha kununulia wino mwingine.

Chini ya kila karatasi aandike kwa kalamu ya risasi: upande wa kushoto namba, mfano 3/20, maana yake ya tatu kati ya ishirini, katikati jina la picha, kulia sahihi yake na mwaka. Akifika 20, asiongeze kwa siri, maana walionunua walimwamini. Tena ajue kwamba katika nchi yetu sheria ya tarehe 5 Aprili 1986 inalinda haki za mwenye kutunga kazi ya sanaa, na mchoro umo ndani yake.

Sasa naomba kwenu viongozi. Shirika lolote likija kuomba michoro, letu likiwemo, lisipewe kabla ya karatasi moja kuandikwa: picha itatumika wapi, kwa muda gani, italipiwa kiasi gani, na jina litaandikwa wapi. Mwenyekiti wa komite awe shahidi. Kama mchoraji ni mtoto, mzazi wake atie sahihi pamoja naye.

Na ninyi vijana, haki inakuja na wajibu. Mkichora waliotuchomea nyumba, msiwavalishe wote sura ya kabila la jirani. Picha husomwa hata na asiyejua kusoma, nayo yaweza kuwasha moto mwingine. Chorani pia soko, ziwa, mavuno na harusi. Mnunuzi hutaka kuweka ukutani kitu anachoweza kukitazama kila asubuhi.

Baba na mama, ninyi nawaombea jambo dogo: pembe moja kavu ndani ya nyumba pa kuweka karatasi, na msiulize kila jioni, "Utaacha lini kuchora ufanye kazi?"

Yule kijana bado anachora. Si tajiri. Anaandika vibao, anachapa kadi za harusi, na mwaka jana alichora kijitabu cha afya. Kabla ya kukubali alidai karatasi ya makubaliano. Jina lake liko ukurasa wa kwanza, na mama yake ananionyesha kila ninapopita.